UZI: Ghorofa refu likipangwa jirani na nyumba yako Dar, anza kuuliza habari za shimo

Mwenye uzi

Wakuu, salamu.

Upanga, Kinondoni, Mikocheni, Magomeni, Ilala, hali ni ileile. Nyumba ya chini yenye uwanja na mwembe inauzwa, mabati yanazungushwa, halafu linasimamishwa bango la ghorofa 12 au 15. Mtaani maneno ya kwanza ni kwamba jua litazibwa, tutachunguliwa uani, magari yatajaa barabarani. Ni malalamiko ya haki kabisa. Lakini ukienda nayo hayo tu kwenye kikao cha mtaa, mwenye mradi atakujibu kwa dakika tano na kikao kitafungwa, kwa kuwa hujampa namba yoyote ya kuijibu.

Kinachopasua nyumba za majirani kipo chini ya ardhi, nacho kina vipimo. Kinachofurisha choo chako kipo kwenye bomba, nacho kina vipimo. Naomba uzi huu tuujenge juu ya vipimo hivyo, mtu aende kikaoni akiwa na maswali yanayodai jibu la maandishi.

Ili tuongee kitu kimoja tuchukue mfano wa kawaida: kiwanja cha mita 30 kwa 40, ghorofa 12, fleti nne kila ghorofa, yaani fleti 48, na basementi mbili (ghorofa za chini ya ardhi) za kuegesha magari. Mwenye kuijua kazi aingie.

Fundi Paili

Naanza na shimo.

Basementi mbili, ukijumlisha unene wa rafti (bamba nene la zege la msingi) na zege ya kusawazishia chini yake, ni mita 7 kwenda chini. Kwenye kiwanja hicho mwekezaji atataka kuchimba karibu kiwanja kizima, tuseme 28 kwa 36. Hizo ni mita za ujazo elfu saba na kitu. Udongo ukishachimbuliwa unavimba kwa robo hivi, kwa hiyo unabeba karibu 8,800. Kwa tipa la mita 15 ni safari 590 hivi kwenye barabara yenu ya mtaa, zikiwa na mzigo. Hapo ndipo lami na makaravati yanapokwisha, miezi mingi kabla hamjaona ghorofa la kwanza.

Sasa ukuta wa jirani. Kwenye upana wa mita 30, kati ya shimo na mpaka imebaki mita moja kila upande. Vuta mstari wa mshazari wa nyuzi 45 kutoka sakafu ya shimo kwenda juu: unatokea mita 7 nyuma ya ukingo. Nyumba yoyote iliyo ndani ya mita hizo 7 msingi wake unaegemea udongo ambao shimo limeunyima mgongo. Mshuko mdogo wa ardhi unafika hata mita 14, mara mbili ya kina.

Ndiyo maana shimo la namna hii halichimbwi kabla ya kuweka ukuta wa kuzuia udongo. Kuna aina mbili mtakazozisikia sana. Ya kwanza ni paili, yaani nguzo za zege zinazomwagwa ndani ya ardhi, zilizopangwa bega kwa bega, katikati zina upenyo wa sentimita kadhaa. Ya pili ni paili zinazokatana, kila moja imeumega mwenzake hadi ukuta unakuwa mmoja usiopitisha maji. Ya kwanza ni rahisi kwa bei na inafaa kwenye udongo mkavu unaoshikana. Kwenye mchanga wa pwani wenye maji, ule upenyo unavuja maji na mchanga pamoja. Swali la kwanza la kikao ni hili: ukuta wa kuzuia udongo ni wa aina gani, paili zinashuka mita ngapi chini ya sakafu ya shimo, na unashikiliwa na nini wakati wa kuchimba, nanga (vyuma virefu vya kuvuta ukuta) za kupenya chini ya viwanja vya majirani au mihimili ya chuma ndani ya shimo? Zikiwa nanga, zinaingia kwenye ardhi yako. Zinahitaji ridhaa yako.

Mkazi Kinondoni

Asante mkuu. Nyumba nyingi za mitaa hii ni za miaka ya 60 na 70, msingi wa tofali au mawe, kina futi mbili tatu, hazina bimu ya chini wala lenta ya kuzunguka, ile mikanda ya zege inayofunga kuta. Zinaweza kuhimili kweli?

Fundi Paili

Zinahimili ikiwa mshuko ni mdogo na ni sawa pande zote. Nyumba ikishuka milimita 15 nzima nzima huenda usione kitu. Tatizo ni kona moja kushuka na nyingine kubaki. Kwa nyumba ya urefu wa mita 10, tofauti ya milimita 20 kati ya kona na kona ndiyo mpaka ambapo tofali zisizo na bimu zinaanza kupasuka, na ufa unaanzia kwenye kona za madirisha na milango kwa mshazari. Upande ulio karibu na shimo ndio unaotangulia kushuka, kwa hiyo tofauti hiyo ipo karibu kila mara.

Maji ya Chini

Niongezee hapo, maana paili zinaongelewa sana na maji yanasahaulika.

Sehemu kubwa ya Dar iliyo karibu na bahari ukichimba mita chache unakuta maji, na masika yanapanda zaidi. Shimo la mita 7 halichimbiki bila kuyashusha. Wanachimba visima vidogo kuzunguka shimo, wanaweka pampu, zinavuta usiku na mchana kwa miezi. Yakishuka, mambo matatu yanafuata. Udongo uliokuwa umebebwa na maji unajikandamiza, na nyumba juu yake inashuka nao. Kwenye mabonde yenye mfinyanzi, kama kandokando ya Msimbazi, unashuka zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Visima vya majirani vinakauka. Na karibu na bahari maji ya chumvi yanasogea kuziba nafasi, kisima kilichokuwa cha maji baridi kinageuka cha chumvi, na hakirudi upesi hata pampu zikizimwa.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni pampu inayovuta mchanga. Kisima kikichimbwa vizuri kina bomba lenye matundu membamba na limezungushiwa kokoto ndogo za kuchuja. Kikichimbwa kwa haraka, mchanga unapita. Kuna namna ya kulijua hili bila mhandisi:

Chukua ndoo safi ya lita 20, kinga maji pale bomba la pampu linapomwagia mtaroni. Iache itulie saa moja bila kuitikisa. Mwaga maji polepole, tazama chini. Siku ya kwanza kisima kinapowashwa mchanga kidogo ni kawaida. Baada ya siku mbili tatu maji yanatakiwa yawe meupe na chini ya ndoo kusibaki kitu. Ukikuta mchanga wa kujaza robo ya kikombe cha chai, hiyo ni gramu 100 hivi katika lita 20, yaani gramu 5 kwa lita. Pampu ya kawaida ya mita za ujazo 20 kwa saa inatoa lita 480,000 kwa siku. Piga hesabu: kilo 2,400. Tani mbili na nusu za ardhi zinatoka chini ya nyumba za watu kila siku, kwa pampu moja.

Piga picha ndoo ikiwa na tarehe, rudia siku tatu mfululizo, peleka kwa msimamizi wa mradi, kwa mhandisi wa manispaa na NEMC (baraza la mazingira la taifa) kwa barua moja. Hoja ya ndoo haina ubishi.

Mkazi Upanga

Mkuu hii ya ndoo imenifungua macho. Na maji hayo wanayomwaga mtaroni, kuna ubaya?

Maji ya Chini

Upo. Mtaro ukijaa mchanga huo, mvua kubwa ya kwanza inaingia ndani ya nyumba zenu. Kabla ya mtaroni maji yanatakiwa yapite kwenye tangi la kutulizia, lenye vyumba viwili au vitatu, na lisafishwe kila wiki. Liulizieni liko wapi kwenye ramani ya eneo la ujenzi. Kama halimo, maana yake maji yatamwagwa moja kwa moja.

Bomba na Choo

Fleti 48 kwa watu watano ni watu 240. Kwa lita 120 kila mtu kwa siku ni lita 28,800. Kabla ya hapo kiwanja kilikuwa na familia moja ya watu wanane, haifiki lita 1,000. Mzigo wa kiwanja hicho kwenye bomba la mtaa umekuwa karibu mara 30.

Bomba la inchi mbili au tatu lililolazwa kwa ajili ya nyumba za chini haliwezi. Kinachofanyika, na hapa muwe wakali, ni jengo kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Pampu inanyonya, mtaa mzima unabaki na hewa, na mbaya zaidi bomba likiwa na tundu karibu na mtaro linavuta uchafu ndani. Utaratibu sahihi ni maji yaingie kwa nguvu yake yenyewe kwenye tangi la chini lenye boya, na pampu ivute kutoka tangini kupandisha juu. Tangi hilo liwe la siku mbili, kama mita za ujazo 58, ukiacha akiba ya moto ambayo haichanganywi na ya matumizi.

Maji taka ni asilimia 80 ya hayo, lita 23,000 kwa siku. Maeneo mengi ya jiji hayajafikiwa na mtandao wa maji taka, na hata panapopita bomba kuu, si kila bomba lina nafasi. Wakisema watatumia tangi la septiki na shimo la kunyonya, waulize shimo litanyonya wapi ikiwa maji ya ardhini yako mita mbili. Halinyonyi. Litafurika. Wakisema gari la kunyonya litakuja, gari la lita 10,000 lije mara mbili na zaidi kila siku, mwaka mzima. Waonyeshe mkataba na nani analipa. Jibu la kueleweka kwa ukubwa huo ni mawili tu: barua ya DAWASA inayothibitisha kuwa bomba la maji taka lipo na lina uwezo, au mtambo mdogo wa kusafisha majitaka ndani ya kiwanja, wenye mahali pake kwenye ramani na mtu wa kuuendesha.

Maji ya mvua pia msiyaache. Kiwanja cha mita za mraba 1,200 kikisakafiwa chote, mvua ya milimita 50 inamwaga lita 60,000 kwenye mtaro. Zamani uwanja na mwembe vilikuwa vinanyonya sehemu yake.

Boda wa Chanika

Nimesoma mpaka hapa, na nina upande mwingine wa kusema. Sensa ya 2012 mkoa wa Dar ulikuwa na watu 4,364,541. Ya 2022 ni 5,383,728. Milioni moja zaidi katika miaka kumi. Walienda wapi? Chanika, Mbagala ya ndani, Goba, na wengine hata wakavuka mkoa kwenda Kibaha na Bagamoyo. Mtu anaamka saa kumi usiku kuwahi kazi Posta. Mabasi ya mwendokasi ya Morogoro Road yameanza 2016, serikali imetia hela pale, halafu pembeni ya kituo pawe na nyumba moja yenye uwanja? Watu wakae karibu na barabara kubwa, wapande juu. Mkizuia kila ghorofa mnatusukuma sisi mbali zaidi.

Mwenye uzi

Ndugu yangu, sijaandika kuzuia, na nakubaliana nawe moja kwa moja. Mji lazima upande juu. Magomeni Kota ni mfano wa hapahapa: familia 644 za wakazi wa zamani zimejengewa nyumba za ghorofa palepale walipokuwa, zikazinduliwa Machi 2022. Ninachodai ni kwamba gharama ya kupanda juu ibebwe na mradi wenyewe. Isishushwe kwa mama mwenye nyumba ya tofali hapo jirani anayekuja kuziba nyufa kwa hela ya mboga.

Mipango Miji

Mambo ya taratibu sasa, na hapa wakati ndio kila kitu.

Kwa mradi wa ukubwa huu kuna milango kadhaa ambayo jirani anaweza kugonga kabla ya koleo la kwanza:

Kwanza matumizi ya ardhi. Hati ya kiwanja inataja matumizi na msongamano. Kama kiwanja kilipimwa kwa makazi ya familia moja, lazima yafanyike mabadiliko chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na yanatangazwa ili wenye pingamizi waseme. Tangazo linaweza kuwa karatasi moja iliyobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kagueni ubao ule kila wiki.

Pili tathmini ya athari kwa mazingira, TAM, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mshauri aliyekodiwa na mwekezaji anapita kuwahoji majirani na kukusanya saini. Hapa ndipo watu wanapojifunga bila kujua. Karatasi ya mahudhurio inatumika kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Msikatae kusaini, maana mkikataa hamtakuwa kwenye kumbukumbu kabisa. Saini, na mbele ya jina lako andika hoja kwa mkono: "Naomba ripoti ya upimaji udongo na mpango wa kushusha maji." Halafu piga picha ya ukurasa.

Tatu kibali cha ujenzi cha halmashauri, chenye michoro ya usanifu na ya uhandisi, pamoja na ridhaa ya Zimamoto. Kama eneo liko kwenye njia ya ndege za uwanja wa Julius Nyerere, urefu unahitaji ridhaa ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Barua yenu iwe ya ukurasa mmoja, nakala nne: halmashauri, NEMC, serikali ya mtaa, mwenye mradi. Ombeni vitu vinne kwa majina: ripoti ya udongo yenye kina cha maji, mchoro wa ukuta wa kuzuia udongo uliogongwa muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi), barua ya DAWASA, na bima inayowalipa majirani wakipata madhara. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni sawa na maneno ya mdomo.

Na hili mlizingatie sana. Ukitaka kuishtaki halmashauri, sheria inataka notisi ya siku 90. Kwa siku 90 shimo la mita 7 limeshachimbwa na rafti imemwagwa. Mahakama inaweza kutoa zuio la dharura wakati notisi ikisubiri, lakini itauliza una ushahidi gani wa madhara. Hapo ndipo kumbukumbu za hali ya nyumba zinapohitajika.

Mpima Nyufa

Hapo umefika kwenye kazi yangu.

Mgogoro wa nyufa siku zote unaishia kwenye sentensi moja ya mkandarasi: "Huo ufa ulikuwepo." Dawa yake ni kupima kabla.

Zunguka nyumba yote, ndani na nje, chumba kwa chumba, ukianzia kushoto kwa mlango na kufuata ukuta. Kila ufa uliopo upigwe picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha ni ukuta gani, moja ya karibu ikiwa na rula ya milimita pembeni. Andika kwa penseli ukutani, kwenye ncha mbili za ufa, mstari mdogo na tarehe. Ufa ukirefuka, utavuka mstari. Ukuta usio na ufa nao upigwe picha, maana picha ya ukuta mzima ndiyo itakayokuokoa. Usisahau sakafu, dari, uzio, tangi la maji na milango: andika mlango upi unagusa fremu na upi unafunga vizuri. Mlango huanza kukwama kabla ufa haujaonekana.

Yote hayo yawekwe kwenye kitabu kimoja, kisainiwe na mwenye nyumba, mwakilishi wa mradi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila mmoja abaki na nakala. Mkandarasi makini analilipia mwenyewe zoezi hili, kwa sababu linamlinda naye dhidi ya nyufa za zamani.

Wakati wa kuchimba, kwenye kila ufa pigilia misumari miwili midogo ya chuma, mmoja kila upande, umbali wa sentimita kumi. Pima kati yao kwa vernia (kifaa cha kupimia hadi sehemu ndogo za milimita) kila Jumatatu asubuhi, saa ileile, kwa kuwa ukuta unatanuka kwa jua la mchana. Plasta iliyobandikwa juu ya ufa inakuambia tu kwamba kuna mwendo. Misumari inakuambia ni milimita ngapi na kwa kasi gani. Ufa wa chini ya milimita 1 ni wa kupaka rangi. Ukifika 5 maji yanaingia na plasta inabomolewa. Kati ya 5 na 15, milango na madirisha yanakwama na mabomba yanaweza kukatika.

Mradi nao uweke pini za kupimia mshuko kwenye kona zote za nyumba za majirani, zisomwe na mpima kwa kulinganisha na alama iliyo mbali na shimo, mita 50 au zaidi. Mkubaliane kwa maandishi kabla: mshuko wa milimita 10 wanatoa taarifa na kupima kila siku, 20 wanasimamisha kuchimba. Bila namba hizo mbili kwenye karatasi, vipimo vitachukuliwa na hakuna kitakachosimama.

Mkazi Kinondoni

Tuseme jengo limeshaanza kupanda. Jirani wa nje anaweza kuona nini?

Zege Daraja 30

Anaweza kuona mengi kuliko watu wanavyodhani.

Hesabu ghorofa. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36, na ghorofa zilizopandishwa zilikuwa zimezidi za kibali. Ghorofa ya ziada haionekani ubaya wake juu. Mzigo unashuka kwenye kolamu za chini na msingi, ambavyo vilishamwagwa zamani kwa hesabu nyingine. Namba iliyo kwenye bango na kibali, na namba unayoihesabu kwa kidole, zikipishana, andika barua siku hiyohiyo.

Angalia bango lenyewe: jina la mkandarasi, mhandisi mshauri, mbunifu, namba za usajili CRB (makandarasi), ERB na AQRB (wabunifu na wakadiriaji majengo). Namba hizo zinaweza kuhakikiwa kwenye bodi zenyewe.

Siku ya kumwaga zege, tazama bomba la maji. Mafundi wakiona zege ngumu kusukuma wanaongeza maji ili iteleze. Kila lita 10 zilizoongezwa kwenye mita moja ya ujazo zinapunguza nguvu kwa nyutoni 3 hivi kwa kila milimita ya mraba, na zege ya daraja 30, yaani inayotakiwa kufikia nyutoni 30, haina za kupoteza. Tiba ya zege ngumu ni dawa ya kulainisha iliyopimwa kiwandani. Maji ya bomba hapana. Lazima pia zichukuliwe sampuli, vitalu vya sentimita 15, vivunjwe siku ya 7 na ya 28. Ya siku 7 inapaswa kufika kama theluthi mbili ya nguvu. Ghorofa inayofuata ikipandishwa na mirunda ya chini ikiondolewa kabla majibu hayajarudi, mradi huo unakimbizana na hela.

Na kwa jengo lililokwisha kujengwa, kuchimba chini yake kuongeza nafasi ni hatari kupita zote. Kariakoo Novemba 16, 2024 jengo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20, na kazi ya kuchimba chini ndiyo iliyotajwa sana. Mkiona udongo unatolewa usiku kwa mifuko kutoka jengo lenye maduka wazi, msingoje kesho.

Ngazi na Moto

Kwa ufupi. Ghorofa 12 ni karibu mita 38. Gari la zimamoto linahitaji njia wazi yenye upana wa mita 3.7 au zaidi, bila magari yaliyoegeshwa pande zote mbili. Kama mtaa wenu hauna, jengo lijitegemee: bomba la zimamoto la kupandisha maji lenye mdomo kila ghorofa, ngazi za dharura zenye milango ya kuzuia moshi inayojifunga, na njia ya kutolea moshi wa basementi. Egesho la magari mtaani ni suala la moto pia. Mradi wenye fleti 48 na nafasi 30 za magari umeshaamua kutumia barabara yenu.

Umeme wa Mtaa

Kilowati 3 kwa fleti baada ya kuzingatia kwamba si wote wanawasha kwa pamoja, ni 144. Lifti mbili na pampu, fika 190. Hiyo ni transfoma yake yenyewe, ya kVA 315. Wakiunganishwa kwenye transfoma ya mtaa, kila jioni taa zenu zitafifia na friji zitaungua. Kwenye ramani waonyeshe chumba cha transfoma ndani ya kiwanja chao, si kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Kileleshwa Nairobi

Habari zenu ndugu wa Dar. Huku Kilimani na Kileleshwa mambo haya yamekwisha kutupata: ploti za nusu ekari zilizokuwa na nyumba moja sasa zina apatimenti za ghorofa 15 na kuendelea, huku bomba la maji taka likiwa lile la zamani. Tulichojifunza ni kwamba mahali pa kupigania ni leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Tangazo likitoka gazetini mna siku 30 za kutoa maoni, na leseni ikitolewa mna siku 60 za kukata rufaa kwenye National Environment Tribunal, baraza la rufaa za mazingira. Chama cha wakazi kilichosajiliwa kinasikizwa kuliko mtu mmoja mmoja. Kingine, kila jengo huku linachimba kisima chake, na visima vikikaribiana sana kila mmoja anamkaushia mwenzake. Ulizeni mapema kama mradi una kibali cha kuchimba kisima na kina chake.

Mkazi Upanga

Winchi kubwa ikipitisha mkono juu ya paa la mtu, inaruhusiwa?

Zege Daraja 30

Haipaswi kupitisha mzigo juu ya nyumba yenye watu. Wanaweza kuiwekea kizuizi cha kuzunguka, mkono usivuke mpaka ukiwa na mzigo. Kandokando ya jengo waweke wavu, na ghorofa za chini wajenge ukingo wa mbao unaotokeza nje kukinga vinavyodondoka. Hilo ni la OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, na mwananchi anaweza kuwapelekea malalamiko.

Mama Mjengo Magomeni

Mmesema yote ila moja. Mradi ukiishiwa hela katikati ya shimo, inakuwaje?

Maji ya Chini

Mama, swali lako ndilo linalosahauliwa kwenye kila kibali.

Ukuta wa muda wa kuzuia udongo husanifiwa kwa muda mfupi, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Nanga zake zinaanza kupata kutu, na kwenye mchanga wenye chumvi zinapata haraka. Mradi ukisimama, mwenye nao anazima pampu kuokoa umeme. Maji yanapanda ndani ya shimo, yanakutana na sakafu isiyo na uzito wa jengo juu yake, na rafti ikiwa imeshamwagwa inaweza kunyanyuka kama mtumbwi mtupu na kupasuka. Nje ya shimo udongo unalowa upya na kusukuma ukuta uliochoka. Mvua ya masika ya pili ndiyo ya kuogopa.

Kwa hiyo kwenye barua ya nakala nne ongezeni kipengele cha tano. Kabla ya kuchimba, mwenye mradi aweke dhamana ya benki inayotosha kulijaza shimo lote kwa udongo ulioshindiliwa. Hesabu mnayo: mita za ujazo elfu saba, mara bei ya kununua, kusafirisha na kushindilia mita moja. Mradi ukisimama siku 90 mfululizo, halmashauri iichukue dhamana na kulijaza. Mkiambiwa dhamana ya namna hiyo haijazoeleka, ombeni walau ratiba ya fedha inayoonyesha kuwa hela ya kutoka shimoni hadi usawa wa barabara ipo tayari benki kabla ya paili ya kwanza kuchimbwa.

Mama Mjengo Magomeni

Nimeandika. Kikao chetu ni Jumamosi saa nne ofisi ya mtaa, nitaipeleka ikiwa imepigwa chapa.

Mpima Nyufa

Mama, nenda na rula ya milimita na penseli. Mkimaliza kikao, anzeni na nyumba iliyo karibu zaidi na mabati.